Samaki Waliobisha Hodi kwa Merle Fecteau

"Kalavati la Kijito cha Tabor nimelitia mimi, kwa mikono hii," alisema Merle Fecteau, amesimama katikati ya ukumbi, kofia kwapani, watu wote wa Ludbury wakimtazama. "Mafuriko yamebeba daraja la serikali. Yamebeba banda la Alcide na kuku ndani yake. Kalavati langu yamelikuta na kuliacha palepale. Siku likihama, nitalila. Na chumvi."

Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ya Mkutano wa Mji, siku ambayo sisi watu wa Vermont, kaskazini mwa Marekani, tunajifungia ukumbini tangu asubuhi kubishana juu ya bei ya changarawe, kisha mchana tunakula maharage pamoja na watu tuliotoka kuwaita wapumbavu. Merle alikuwa anagombea tena usimamizi wa barabara, na hakuwa na haja ya kugombea. Kwetu mtu hapewi kazi hiyo kwa kuwa ana akili kuliko wenzake. Anapewa kwa kuwa yuko radhi kuamka kabla ya jogoo akasukume theluji kwa lori, halafu ashinde akitukanwa kwa jinsi alivyoisukuma. Mikono ilinyooka ukumbi mzima.

"Tumesikia wote, shemeji," alisema Alcide Rheault kutoka viti vya nyuma. Alcide anafuga ng'ombe wa maziwa, ni kaka wa mke wa Merle, na hao wawili hawajapata kusalimiana bila kuchokozana. "Chumvi nitaleta mimi."

Merle hakuwa mtu wa majivuno, msimdhanie vibaya. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: hakuweza kukiona kitu kilichopinda akakipita. Akiendesha lori la mji aliteremka kunyoosha masanduku ya barua ya watu asiowajua. Matambara ya kufutia mafuta aliyakunja kama leso za bibi harusi. Mara mbili amenivuta kutoka mtaroni na gari langu, mara zote mbili nikiwa mwenye makosa, na hakuniuliza lolote. Aliniambia tu maneno machache kuhusu akili zangu, ambayo hayafai kuandikwa, kisha akayanyoosha magurudumu yangu yatazame mbele, akaenda zake. Sina mtu ninayemshukuru zaidi mwezi wa Januari.

Ugonjwa huo huo aliuhamishia kwenye Kijito cha Tabor. Kila mwaka barafu ikishayeyuka na kabla usubi hawajaanza kutunyonya damu, Merle aliwaita majirani waje na matrekta na minyororo, wakavuta nje kila gogo, kila tawi, kila mzizi ulioanguka majini. Delphine, mke wake, aliwakaangia donati. Tulipomaliza, kijito kiliteremka wazi na safi kama ujia wa kanisa Jumapili asubuhi, tukasimama juu ya barabara tukikisifia, sukari midomoni. Hakuna aliyejiuliza samaki wanapenda kuishi wapi. Mtu akikufagilia nyumba mpaka akatoa vitanda nje, naye tumshukuru?

Na samaki ndio kisa chenyewe.

Delphine alizaliwa katika nyumba iliyo juu ya barabara, mahali kijito kinaposhuka kutoka chemchemi za mlimani na kujipinda nyuma ya ghala. Pale kwenye pinda pana kidimbwi. Alipokuwa msichana, yeye ndiye aliyekuwa mvuvi wa nyumba ile, si kaka yake Alcide ambaye hata leo akishika ndoano hujivua mwenyewe. Alikuwa akivua trauti wa kijito, samaki wetu wa asili, waliokuwa humu kabla Mfaransa na Mwingereza hawajafika kugombea milima, na Waabenaki, wenyeji wa kwanza wa milima hii, walikuwa wakiwala kabla ya hapo. Si samaki mkubwa. Ukiona anazidi kiganja na vidole, huyo ni mfalme. Lakini Mungu alipomtengeneza hakuwa na haraka: mgongo wa kijani wenye michirizi kama uliochorwa kwa kidole, ubavuni madoa mekundu yenye pete za buluu, na mapezi ya chini yamepigwa pindo jeupe kama nguo ya sikukuu. Anataka maji baridi, safi, yenye kivuli. Maji yakipata joto, anahama au anakufa. Hana njia ya tatu.

Mama yake Delphine aliwaviringisha katika unga wa mahindi na kuwakaanga kwa mafuta ya nguruwe. Mwaka mmoja Merle, kijana wa kibarua cha barabara, alialikwa mezani pale kwa sababu ya mvua. Alikula mpaka mikia. Kesho yake alirudi kutengeneza sehemu ya barabara ambayo haikuwa imeharibika. Alirudi na keshokutwa. Baba yake Delphine alisema barabara ile itakwisha kwa kutengenezwa, ni afadhali tumwoze huyu kijana.

Walipooana wakahamia humo humo. Na Merle alipochaguliwa msimamizi kwa mara ya kwanza, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuondoa daraja la mbao lililokuwa linaoza pale kijito kinapokatiza barabara, chini kidogo ya nyumba yao, na kutia kalavati, bomba la bati nene lenye mikunjo la kupitisha maji chini ya barabara. Alilipima, akalilaza, akalishindilia. Jioni alivaa shati lake la harusi, akamchukua mkewe kwa mkono kwenda kuliona. Delphine aliliangalia juu, akaliangalia chini.

"Limenyooka," alisema.

Kweli lilinyooka. Ila lilikuwa jembamba kuliko kijito. Maji yaliyozoea kutandaa yakabanwa humo na kutoka upande wa pili kwa nguvu kama ya bomba la zimamoto, yakachimba chini ya mdomo wa kalavati mwaka hadi mwaka, mpaka pakawa na bwawa zuri ambalo watoto wa Ludbury wote wamejifunzia kuogelea, na mimi mmojawao. Kadiri bwawa lilivyokwenda chini ndivyo mdomo ulivyobaki juu, ukining'inia hewani usawa wa kiuno cha mtu mzima, ukimwaga maji. Tulipigia picha pale. Tuliita maporomoko.

Kule juu, kwenye kidimbwi cha Delphine, samaki walipungua, kisha wakaisha. Delphine akautundika ufito wake wa kuvulia ghalani, akasema amechoka na miiba. Merle aliamini. Mwanaume huamini upesi jambo lolote linalomruhusu aendelee kula.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, mpaka alipokuja Ione Sprague, baada ya mkutano ule.

Ione ni binti wa bonde la pili, anafanya kazi na chama cha kutunza mito, na anavaa mabuti ya mpira yanayofika kifuani kana kwamba yeye ndiye anayevuliwa. Alikitembea kijito chote na wavu wake. Kisha akaja kwa Merle, karakana ya mji, akamweleza bila kuzunguka. Chini ya barabara trauti wapo. Juu ya barabara hakuna hata mmoja, ingawa huko juu ndiko kwenye maji ya baridi na changarawe safi wanayoitaka kutagia mayai. Kiangazi maji ya chini yanapata joto, samaki wanataka kupanda, wanafika kwenye kalavati, safari inaishia hapo. Wakizidi kukaa chini, miaka si mingi watatoweka kijito kizima.

Merle alikuwa anakunja tambara. Alilikunja mpaka likawa dogo kama bahasha.

"Binti," alisema, "hao samaki wanaruka. Babu zao waliruka maporomoko ya Mungu."

"Maporomoko ya Mungu yana ngazi, Bwana Fecteau. Ya kwako hayana."

"Mafuriko yameshindwa kulitoa kalavati lile."

"Sijasema halina nguvu. Nimesema halina mlango."

Merle alisema vuli ikifika, samaki wakianza kupanda kwenda kutaga, atakaa pale aone kwa macho yake, na yeye Ione ataliomba radhi kalavati. Ione akasema atamletea kiti. Merle akasema kiti anacho.

Basi Oktoba, majani ya milimani yalipogeuka mekundu na wageni wa mijini walipotujaza barabara na kamera zao, msimamizi wa barabara wa Ludbury alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja kando ya bwawa, chupa ya kahawa miguuni, akikodolea macho kalavati lake kama mtu anayesubiri televisheni iwake. Kila aliyepita alipiga honi. Alcide alisimamisha pikapu yake, akashusha kioo, akamuuliza kama Delphine amemfukuza au ametoka mwenyewe. Merle hakugeuka.

Siku za mwanzo hakuona kitu, akaanza kutabasamu. Kisha ikanyesha mvua usiku, na asubuhi kijito kikapanda. Merle alikuwa anamimina kahawa aliposikia sauti. Ting. Kama mtu aliyepiga sufuria kwa ukucha. Akainua macho, hakuona kitu. Ting. Safari hii alimwona: trauti dume, tumbo jekundu kama kaa la moto, amejirusha kutoka bwawani, amegonga ukingo wa bati kwa kichwa, ameanguka. Akaruka tena. Nyuma yake jike, mzito wa mayai, naye akaruka, akapata bahati ya kuingia mdomoni mwa kalavati, akapiga mkia mara moja mbili, maji yakamtema nje kama kokwa. Wakatulia kidogo wakipumzika chini. Wakaanza upya.

Merle alikaa pale mpaka kahawa ikapoa kikombeni. Alitusimulia baadaye, karakana, akitazama ukuta: "Hakuwa anaruka, yule. Alikuwa anabisha hodi. Mlango nimeujenga mimi, nimeufunga mimi, na miaka yote hiyo nimekaa ndani sikuitika." Hakuna aliyecheka, na watu wa karakana yetu hucheka hata kwenye matanga.

Asubuhi ile aliondoka bwawani akapanda nyumbani. Delphine alikuwa jikoni anamenya matufaha. Yaliyofuata nimeyapata kwa Delphine mwenyewe, na yeye haongezi chumvi hata kwenye supu.

"Del," alisema Merle, amesimama mlangoni na mabuti yake machafu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba kalavati ndilo lililokumalizia samaki."

Delphine aliendelea kumenya mpaka ganda likakatika.

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Ulinipeleka kuliangalia umevaa shati la harusi, Merle. Ningesema nini?"

"Ungesema ni baya."

"Halikuwa baya. Lilikuwa limenyooka."

Merle alivua mabuti, akakaa, akachukua kisu cha pili, wakamenya wote wawili mpaka matufaha yakaisha. Delphine anasema alimenya vibaya kupita kiasi, akitupa nyama na ganda, na yeye hakumsahihisha.

Machi ilipofika tulijifungia tena ukumbini. Hoja ilikuwa imeandikwa kavukavu: mji uchangie sehemu ya gharama ya kuondoa kalavati la Tabor na kujenga tao pana la daraja. Kilichobaki kingetoka kwa chama cha kina Ione na mifuko mingine ya mito. Mwenyekiti wa mkutano, Mama Hester Colby, aliyetufundisha karibu wote kusoma na bado anatuangalia kama hatujamaliza, aligonga meza na kuuliza nani anaitetea hoja. Ione alikuwa ameanza kuinuka. Merle akamwahi.

Kila mtu alijua anachoweka rehani. Ukumbi huo huo asubuhi hiyo ungemchagua tena au ungemwacha, na wapo waliokuwa wananong'ona kwamba mtu anayevunja kazi yake mwenyewe kwa pesa zetu amechoka, apumzishwe. Tena Merle si msemaji. Majigambo yale ya kalavati ndiyo yaliyokuwa hotuba yake ndefu kuliko zote.

"Kalavati lile nililitia mimi," alisema. Akakumbuka kwamba ameshawahi kuanza hivyo. "Ni imara. Na ni kosa. Limewazuia samaki tangu nilipolitia, na wa kwanza kukosa samaki ni watu wa nyumbani kwangu, hawakunilaumu. Naomba mniruhusu nilitoe. Nikiwa msimamizi au nisipokuwa, nitakuja kulitoa. Basi."

Kisha wakaanza. Mmoja akauliza watoto wataogelea wapi. Mwingine akasema samaki wanaopatikana dukani wanatosha. Merle alijibu kila mmoja, sikio moja limewaka jekundu. Mwishoni akasimama Alcide, tukajua sasa mzee wa watu kwisha.

"Mimi nina swali moja kwa shemeji," alisema Alcide. "Kalavati likitoka, si limehama?"

"Limehama," alisema Merle.

"Basi naunga mkono hoja."

Mama Hester alisubiri kicheko kiishe, akaita kura ya sauti. Ndiyo ilitikisa madirisha. Hapana zilikuwepo, na zilisikika, na wenyewe nawajua. Halafu tukamchagua Merle tena. Bibi mmoja mbele yangu alisema ameishi Ludbury maisha yake yote na hajapata kusikia mtu wa barabara akisema neno kosa, angepewa mikono mitatu angeinyoosha yote.

Kazi ilifanyika Agosti, maji yalipopungua. Kwanza watu waliingia bwawani na nyavu na ndoo, wakawatoa samaki mmoja mmoja, wakawapeleka sehemu ya chini wasubiri. Kijito kikapitishwa pembeni kwa pampu. Merle aliendesha katapila mwenyewe. Hakutaka mkono mwingine uliguse.

Kalavati lilikataa. Alivuta, likakaa. Alichimba pembeni, akavuta, katapila likainua miguu ya nyuma kama punda. Alcide, aliyekuja kutazama akijidai amepita njia, alisema, "Uliliweka vizuri mno, shemeji." Na nadhani hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kumpa. Lilipong'oka lilitoa mlio mrefu, likalala barabarani linadondosha matope, na mahali lilipokuwa pakabaki shimo, na ndani ya shimo, chini kabisa, changarawe ya zamani ya kijito, kama ilivyolala siku ya daraja la mbao.

Pale wakajenga tao pana kuliko kijito, lisilo na sakafu, maji yanapita juu ya mawe ya kijito chenyewe. Merle alipanga mawe hayo asubuhi nzima. Ione aliporudi alikuta yamejipanga mistari miwili kama wanafunzi. Aliyatazama, akamtazama Merle, akaingia majini akayavuruga kwa mateke. Merle aligeukia upande mwingine. Kuna mambo mtu hawezi kuyaangalia yakitendwa.

Lakini mtihani ulikuwa mbao. Ione alitaka miti iangushwe ndani ya kijito kuanzia barabarani hadi kidimbwi cha Delphine, magogo yalale yalivyoanguka, yapunguze mbio za maji, yachimbe vidimbwi, yatoe kivuli. Yaani yale yale tuliyoyatoa kila mwaka kwa minyororo. Merle aliridhia, akaenda na msumeno wake wa mashine, akaangusha misonobari aliyoonyeshwa, kazi safi. Ila ni mtu wa kwetu. Mtu wa kwetu akiangusha mti, mkono wake unapunguza matawi kabla kichwa hakijafikiri. Ione alipofika, magogo yalilala kijitoni yamekwanguliwa laini kama nguzo za simu, na ukingoni matawi yote yamepangwa fungu fungu, ncha zinatazama upande mmoja.

Ione alikaa kwenye jiwe.

"Bwana Fecteau," alisema, "matawi ndiyo niliyokuwa nayataka."

Merle aliangalia mafungu yake. Yalikuwa mafungu mazuri sana.

"Huwezi kuacha mti na matawi," alisema. "Watu watasema nini?"

Ilibidi watuite. Tulikuja na matrekta na minyororo ile ile, majirani wale wale, Delphine akakaanga donati zile zile, na kutwa nzima tukawa tunarudisha kijitoni yale ambayo kila mwaka tulikuwa tunayatoa. Alcide alilalamika kwamba mgongo wake umefanya kazi ya kwenda na kazi ya kurudi, na hajui adai wapi. Jioni kijito kilikuwa kinaonekana kama chumba cha mwanafunzi wa chuo. Merle alisimama juu ya tao akakitazama, akasema kimependeza. Najua ilimgharimu.

Ione alimwonya faragha kwamba samaki wanaweza wasipande mwaka huo, wala ujao. Wengine huchukua miaka kugundua kwamba mlango umefunguliwa. Merle hakumwambia mkewe. Alichokifanya ni kuwa kila alfajiri ya Oktoba alipita kidimbwini akijidai anaangalia kama gogo fulani limesogea, akarudi, akanywa kahawa. Delphine alimwona dirishani kila siku na hakuuliza. Hawa watu wanaweza kunyamaziana mpaka ukatamani kuwapiga wote wawili.

Aliyewaona kwanza ni Delphine. Alikuwa amekwenda kumwaga maganda ya viazi. Merle alikuwa anapasua kuni uani, akahisi mkono kwenye shati lake, akageuka, ni mkewe. Alimvuta tu kwa mkono wa shati, kama Merle alivyomchukua siku ile ya kalavati, mpaka nyuma ya ghala.

Walikuwa wawili. Jike amejilaza ubavu juu ya changarawe, anapiga mkia, anachimba kitanda cha mayai, vumbi la mchanga linapeperuka majini. Dume anazunguka nyuma yake na pindo zake nyeupe, tumbo linawaka, anamfukuza mtu asiyeonekana. Juu yao tawi la msonobari, na majani yake bado, linatia kivuli.

"Usipumue hivyo," alinong'ona Delphine. "Utawatisha."

Merle alipunguza kupumua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Karibu."

"Unaongea na nani?"

"Na mgeni. Alibisha hodi zamani."

Delphine aliacha mkono wake pale pale kwenye shati. Baadaye alimwambia asante, anasema, na Merle akamwambia asante wewe, na kila mmoja alikataa kuipokea ya mwenzake, wakabishana kidogo, ndipo wakarudi ndani kwa sababu ya baridi. Ufito ule Delphine aliuteremsha ghalani, akaufuta vumbi, akaupaka mafuta, akautundika tena. Alisema waacheni wazae kwanza. Mwakani, labda.

Ione alikuja na mabuti yake, akahesabu vitanda vya mayai hadi karibu na chemchemi, akakaa jikoni kwa Delphine akalia kidogo na kula sana. Bwawa la kuogelea limejaa changarawe, hilo ni kweli, na wajukuu wa Alcide hawajatusamehe. Mafuriko mengine yalikuja mwanzo wa baridi, yakapita chini ya tao bila kugusa hata ukingo, barabara ikabaki, basi la shule likapita asubuhi kama kawaida. Mama za watoto wa shule walimshukuru Merle dukani. Akasema wamshukuru samaki.

Machi, Mkutano wa Mji, saa ya chakula, baada ya maharage, mlango wa jikoni ulifunguliwa na wazazi wa watoto wa shule wakatoka wamebeba ubao kama jeneza. Juu yake palikuwa na keki, mviringo, ndefu kama meza, imepakwa sukari ya kijivu, mikunjo ya bati imechorwa kwa uma mwanzo hadi mwisho, na mdomoni inamwaga maji ya sukari ya buluu. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Alcide alisimama taratibu, akatoa mfukoni kidude cha chumvi cha nyumbani kwake, akakiweka mbele ya Merle.

"Nilisema nitaleta," alisema.

Mama Hester akagonga meza, akatamka kwamba mji unasubiri.

Merle alikata kipande cha mdomoni, palipokuwa panagongwa. Alikinyunyizia chumvi, akala, akatafuna, akameza. Watu walisimama wakampigia makofi, na mikono yangu iliuma, na sioni haya kusema. Macho yake yalikuwa yamelowa. Alisema ni chumvi.

Delphine alikuwa ameinamisha kichwa, jicho moja limefumbwa, anaitazama keki kwa urefu wake.

"Imepinda," alisema.

Keki iliuzwa kwa ajili ya safari ya watoto wa shule. Merle akatoa pochi. Mwenye kuuza alimwambia yeye halipi, amekula hukumu. Merle akasema kwanza aambiwe bei kama mtu mwingine yeyote.

Kipande kilikuwa dola mbili, akazilipa.